Mpigie Komba

Kwa miaka yote ya ndoa yake, Fundi alimpenda Komba bila kumwona. Mkewe akiamka na uso uliofunga kama wingu la mvua, Komba alikuwepo. Mkewe akigombana na msimamizi wake kazini, Komba alikuwepo. Fundi akirudi kutoka gereji, mikono imejaa grisi na mgongo unamlilia, akamkuta mama watoto kakaa pembeni ya kitanda kashika tama, alikuwa na dawa moja tu, na haikuwahi kushindwa: "Mpigie Komba." Kisha huyo bafuni. Akitoka, maongezi yamenoga, mke anacheka na simu, mambo yamekwisha. Rafiki wa namna hiyo utampata wapi?

Alizijua habari zao, au tuseme alizisikia. Kabla Fundi hajatokea, mkewe na Komba walikuwa wakifanya kazi kiwanda kimoja cha mikate, zamu ya usiku. Jina lenyewe lilipatikana huko, maana wenzake wakisinzia, Komba alikuwa macho kodo hadi alfajiri, kama yule mnyama wa usiku. Wakingoja unga uumuke, Komba alimsuka nywele mwenzake. Mkate wa kwanza kutoka tanurini waligawana. Siku ya harusi Komba alikuwa hospitali na homa ya matumbo, na baadaye akahamia mbali, milimani. Sasa alikuwa amemaliza kujenga, akawaita waje waione nyumba.

Fundi ndiye aliyeishupalia safari. Alibadilisha pedi za breki, akaosha gari hadi chini ya viti, akaenda dukani mwenyewe kuchagua zawadi, mtandio wa zambarau wenye mashada. Muuzaji alimsifu kwa jicho lake zuri, naye akarudi nyumbani kifua mbele.

Lugha yetu, mnaijua, ina adabu zake. Ukisema mtu "amenisuka", "amenipikia", "ameniliwaza", hujasema kama mtu huyo ni mwanamume au mwanamke. Msikilizaji hujaza mwenyewe. Na Fundi alikwisha kujaza siku nyingi.

Walipoanza kupanda mlima, barabara ikawa kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili bonde ambalo hakuna aliyetaka kulitazama. Binti yao, aliyefika ule umri wa kuona wazazi wote ni washamba, alikuwa kiti cha nyuma ananusa limau ili asitapike. Katikati ya kunusa akauliza, "Mama, huyo Komba nitamwitaje? Shangazi au mama mdogo?"

"Shangazi wapi! Mwite mjomba."

"Mjomba?"

"Si mwanamume? Utamwita nani sasa?"

Gari liliyumba. Lori lililokuwa likishuka liliwapigia honi ndefu ya matusi, Fundi akalirudisha gari upande wake.

"Mwanamume," Fundi akasema hatimaye.

"Ee."

"Mwenye ndevu."

"Zamani alikuwa nazo. Siku hizi sijui."

"Na alikuwa anakusuka nywele."

"Kalelewa na dada zake, baba. Anasuka kuliko mimi."

"Hukuniambia kuwa ni mwanamume."

"Hukuniuliza," mkewe akasema, na hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Mimi nilijua unajua."

Kutoka nyuma ikasikika sauti ya binti, imebanwa na kicheko. "Baba, na ule mtandio?" Akacheka hadi limau likamdondoka.

Fundi hakucheka. Aliendesha. Hadithi zile zote alizozisikia kwa sikio moja miaka yote zilirudi, moja baada ya moja, na kila moja sasa imevaa suruali. Komba aliyemkumbatia mkewe siku ile msimamizi alipomtukana: suruali. Komba aliyembeba mgongoni kuvuka maji ya mafuriko: suruali. Komba aliyesema mkewe ana macho ya kusema, usemi ambao Fundi mwenyewe aliuiba na kuutumia walipokuwa wachumba! Wivu ulimpanda, na hakuwa na la kuutuliza, maana dawa yake ya siku zote ilikuwa kumwambia mtu ampigie Komba.

"Huo mkate," akauliza kwenye kona iliyofuata, "mlikuwa mnagawanaje?"

"Kwa mikono."

"Nani alikuwa anakata?"

"Baba watoto, tazama barabara."

Karibu na kilele maji ya rejeta yalianza kuchemka, wakasimama pembeni kwenye ukungu. Fundi alifungua boneti na kuinamia injini, ambayo angalau haikuwahi kumficha kitu. Mkewe akasogea hatua chache na kupiga simu. Sauti iliyojibu ilikuwa nzito, ya kiume, ikasema kitu ambacho Fundi hakukinasa, na mkewe akacheka. Alikijua kicheko kile. Alikisikia mara nyingi akiwa bafuni, kupitia mlango na maji yanayomwagika, na kila mara alijisemea, afadhali, amechangamka. Sasa alikisikia bila mlango. Kilikuwa kirefu, kinaanzia chini na kupanda, na Fundi alijaribu kukumbuka ni lini yeye alikisababisha. Aliunguza kidole kwenye kifuniko cha rejeta akijaribu.

"Pole," mkewe akasema akirudi.

"Sijaumia."

"Wivu ni kidonda, wanasema. Usishiriki, utakonda."

"Nani ana wivu? Nimeungua kidole."

Njia yote iliyobaki alimwandaa Komba kichwani: mrefu, kifua kipana, meno meupe, mmoja wa wale wanaume wanaonyoosha shati hata wakiwa wanachimba choo. Na kwa mtu wa hivyo Fundi alijua la kufanya. Angemshika mkono kwa nguvu ya fundi, mkono uliozoea spana, amwone atakavyokunja uso.

Aliyetoka kuwapokea alikuwa mfupi, kipara kinang'aa, tumbo limetangulia, miwani imefungwa kamba ya kiatu. Alikuja mbio na aproni kiunoni, amejaa unga hadi kwenye nyusi. Akamkumbatia mama watoto, akamwinua binti, na alipofika kwa Fundi hakungoja mkono wa spana. Alimkumbatia naye pia, akampaka unga shati zima, akasema, "Shemeji! Siku zote nakusikia tu! Karibu, karibu, hapa ni kwenu."

Nyuma yake alikuja mke wa Komba, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Alipopewa mtandio aliufunga kichwani palepale, akageuka huku na huku. "Nani kachagua? Shemeji? Mwanamume mwenye jicho! Huyu wangu hujui amevaa shati la mwaka gani." Kisha akawaelekeza kwa kidevu wale wawili, waliokuwa wamekwisha kukaa kwenye ngazi wakimsengenya msimamizi wa zamani ambaye huenda alikwisha kufa. "Waache hao. Ni vifaranga wa kiota kimoja. Mimi nilichoka kuwasikiliza zamani, nikaamua kulala usingizi wangu."

Hapo ndipo Fundi alipopaswa kupoa. Mwanamume mwenyewe ndiye huyo, mke wake ndiye huyo, na wale wawili wanaitana dada na kaka. Hakukuwa na jambo. Lakini wivu haukutoka; ulibaki umekaa palepale bila kazi, na wivu usio na sababu ni mbaya zaidi, maana huwezi hata kuugombea. Alitembezwa nyumba nzima. Alionyeshwa madirisha, vigae, jiko lenye tanuri la matofali, akasema "nzuri, nzuri" kila chumba, na sikio lake likabaki kwenye ngazi.

Walikula. Binti alikwenda nje na mke wa Komba kutazama sungura. Mezani wakabaki watatu, chai na mkate wa moto katikati. Komba aliumega ule mkate, nusu akampa mama watoto bila kutazama, kama mtu anavyojikuna, kisha akakumbuka kuna mgeni, akampa Fundi nusu yake yeye.

"Enhe, dada," akasema huku akifuta miwani kwa aproni na kuzidi kuichafua, "yule daktari alisemaje mara ya mwisho? Kile kivimbe ndiyo basi?"

Mama watoto alishusha kikombe. "Ndiyo basi. Walichoma sindano, maji yakatoka, kikaisha. Wamepima, si kitu kibaya."

"Namshukuru Mungu. Nilikuwa silali."

"Kivimbe gani?" Fundi akauliza.

Komba alivaa miwani yake michafu, akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, na uso wake wote ukaporomoka.

"Cha titi," mkewe akasema. "Kimekwisha, baba. Nilitaka kukwambia."

Fundi aliinuka. Kiti kilitaka kuanguka, akakidaka, akakiweka sawa kwa uangalifu mkubwa. "Bwana Komba," akasema, "nionyeshe tangi lako la maji."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na tangi kweli, jeusi, juu ya nguzo za zege, na hakuna aliyelitazama.

"Nani mume wa mwanamke yule?" Fundi akauliza. "Mimi au wewe? Mke wangu ana kivimbe, anakwenda kuchomwa sindano, na anayekosa usingizi ni wewe! Mimi nimelala! Nimekoroma! Unajua ninavyojisikia?"

"Shemeji, naomba uniamini. Siku ya kwanza kabisa nilimwambia, kata simu hii, mwambie mumeo."

"Akasemaje?"

Komba alisita. Alikuwa mtu mwema, na watu wema husema uongo vibaya, kwa hiyo hakujaribu. "Alisema alikwenda gereji kukwambia. Ulikuwa chini ya gari. Akakwambia ana jambo linamtia hofu. Ukamjibu ukiwa hukohuko chini." Akavua miwani. "Ukamwambia, mpigie Komba."

Fundi alifungua mdomo akanushe, na badala yake akakumbuka. Lilikuwa gari jeupe, gia boksi imegoma, mafuta yanamtiririkia kwenye kiwiko. Aliona viatu vya mkewe vimesimama kando ya tairi. Alisikia sauti lakini hakutoa kichwa nje, ana nati moja mkononi ambayo akiiachia itapotea. Alisema neno lake la siku zote, kwa upendo kabisa. Viatu vilisimama bado kidogo, kisha vikageuka vikaondoka. Jioni alimkuta anaongea na simu, akaoga, akalala.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Fundi alisimama ndani ya chake bila hata mtu wa kumtukana. Angefurahi sana kama Komba angekuwa mwizi. Lakini huyu bwana hakuiba kitu; aliletewa, mwaka baada ya mwaka, hadi mlangoni, na mwenye mali ndiye aliyekuwa mletaji.

"Pole, shemeji," Komba akasema.

"Usinipe pole," Fundi akamwambia. "Tafadhali. Hata hiyo niachie."

Alirudi ndani. Mkewe alikuwa bado mezani, anakusanya makombo ya mkate kwa kidole. Fundi alikaa kiti cha Komba, kilichokuwa karibu naye zaidi.

"Nihadithie," akasema.

"Nini?"

"Kivimbe. Ulikigundua vipi, uliogopa nini, daktari alikuwa na sura gani. Vyote. Nakusikiliza."

Mkewe alimtazama muda mrefu, akaona unga kwenye shati lake na kidole chake kilichoungua, akakishika kile kidole.

"Nimeshasimulia, baba," akasema. "Nimeshalia nikamaliza. Nikianza sasa nitakuwa nakuigizia tu."

"Basi niigizie."

"Hapana." Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomkata. "Likitokea jambo jingine, wewe ndiye utakuwa wa kwanza. Nakuahidi."

Akamgonga mkono kidogo, akainuka, akaenda nje kumtafuta binti. Kicheko cha Komba kilisikika huko uani, na kile kirefu cha mkewe kikakifuata. Fundi alibaki kwenye kiti cha mwenzake, akiirudia ile ahadi moyoni, na ilikuwa tamu, na aliirudia mara kadhaa kabla hajashtuka kutambua alichokuwa akikifanya. Alikuwa anaomba hilo jingine litokee.