Bwana kwa Herufi Ndogo

Kwa wiki tatu nzima Kahambu aliishi na mtu aliyekufa zamani. Asubuhi alipanda naye tramu kutoka Schaerbeek, mtaa alikoishi, akashuka naye Berchem-Sainte-Agathe, kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi ya kuogesha na kulisha, na saa ya mapumziko alimtandaza mezani kando ya kikombe cha kahawa. Mtu huyo alikuwa mweusi wa Amerika, mtoro wa utumwa, aliyesimama siku moja mbele ya Wazungu wema wa majimbo ya kaskazini akawahutubia ili utumwa ukomeshwe. Jina lake halikuandikwa. Kitabu chenye hotuba yake kilimwita "mtoro mmoja", basi. Watoro walificha majina wasije wakakamatwa, hilo Kahambu alilijua, lakini bado lilimkera.

Hotuba ilikuwa kurasa sita za Kiingereza. Kahambu alifundisha Kiingereza miaka kumi na minne katika sekondari moja ya Butembo, jimbo la Kivu, Kongo, mpaka vita vikamleta Ubelgiji, ambako diploma yake ilitazamwa mbele na nyuma kisha akarudishiwa. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza anajua nini. Wakimuuliza, humuuliza ametoka wapi.

Ndiyo maana Madame Antoinette alipopiga simu, moyo wa Kahambu uliruka. Madame Antoinette alikuwa Mbelgiji mwenye nywele za mvi na sauti ya kubembeleza, mkuu wa chama kidogo cha kusaidia wageni, chama ambacho ndicho kilichomsaidia Kahambu kupata karatasi za kuishi nchini. Mwezi wa Mei mwaka 2012, alisema, wangefanya siku ya kukumbuka utumwa katika ukumbi mmoja wa Koekelberg. Alitaka sauti ya Afrika isome hotuba ya Mweusi wa Amerika kwa lugha ya Afrika, Kifaransa kikionekana ukutani. Kahambu achague hotuba mwenyewe, aitafsiri mwenyewe. "Wewe si ulikuwa mwalimu?" alisema. Neno hilo lilimlevya Kahambu kuliko pombe, na mtu aliyelewa hasikii mlango ukifungwa nyuma yake.

Hotuba yenyewe ilikuwa na vipande viwili. Cha kwanza ni yale ambayo mtoro aliyaona kwa macho: mama yake alivyouzwa, mgongo wake ulivyochanwa, alivyotembea usiku akifuata mto. Cha pili hakikufanana na cha kwanza hata kidogo. Hapo mtoro aliacha kusimulia akawageukia wasikilizaji. Nimewaonyesha mgongo wangu mkalia, aliwaambia. Sasa nionyesheni nguo zenu. Pamba hiyo imelimwa na nani? Bwana wangu haishi kwa mjeledi, anaishi kwa ninyi mnaonunua. Mnafuta machozi yenu kwa leso ya pamba, na kesho mtanunua nyingine.

Kahambu alipofika hapo mara ya kwanza aliweka kalamu chini, akacheka peke yake. Huyu mtu alikuwa na ubavu. Alikula mkate wao, alilala nyumbani mwao, akawaambia usoni.

Tafsiri ilikwenda vizuri, isipokuwa neno moja lilimsumbua. Kwa Kiingereza mwenye mtumwa ana jina lake na Mungu ana jina lake. Kwa Kiswahili wote wawili ni bwana. Aliwaza kuandika "patron", kama watu wanavyosema Kongo, lakini patron ni mtu anayekulipa, hata kama amechelewa. Akajaribu "mwenye mali", likakaa vibaya mdomoni. Mwishowe aliandika bwana kwa herufi ndogo, na Mungu akamwachia herufi kubwa, akaridhika kabisa na kazi yake. Mwalimu mzima akasahau kwamba sikio halioni herufi.

Wa kwanza kusomewa alikuwa Rukiya, Mkongomani mzaliwa wa Kasongo, aliyekunja mashuka kule chini kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ileile ya wazee. Rukiya alikuwa mwanamke wa maneno machache, na machache hayo alikuwa hayalainishi. Alisikiliza huku akikunja, akamaliza rundo zima.

"Ile ya kwanza ni kilio," alisema. "Kila mutu iko na kilio. Ile ya pili njo yenyewe." Kwa Kiswahili cha kwao, njo ni ndiyo.

Siku kumi kabla ya shughuli, Madame Antoinette alimwita ofisini. Bertin, mtafiti kijana wa chama hicho, alikuwa amekaa pembeni na kompyuta yake. Waliisifu tafsiri ya Kifaransa ambayo Kahambu aliitengeneza pia kwa ajili ya ukuta, akawapelekea. Waliisifu mno, na Kahambu akaanza kuingiwa na wasiwasi, maana kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

"Kipande cha kwanza kinaumiza sana," Madame Antoinette alisema kwa Kifaransa chake cha taratibu. "Kile cha pili tutakiacha."

"Kwa nini?"

"Ni muda tu, mpenzi. Na kinachosha kidogo, zile pamba, zile biashara. Badala yake utatoa ushuhuda wako. Namna ulivyotoka Kivu. Watu wanakuja kukusikia wewe."

"Lakini mimi nimekuja kama mwalimu, madame. Kipande cha pili ndicho hotuba yenyewe."

"Ufafanuzi atautoa Bertin," alisema Madame Antoinette, na Bertin akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Wewe tupe moyo wako."

Kahambu alimtazama. Katika kitabu kilekile, kwenye dibaji, alikuwa amesoma kwamba hata wale wahutubu weusi wa zamani waliambiwa hivyohivyo na rafiki zao Wazungu: simulieni tu, onyesheni makovu, fikra tuachieni sisi. Wengine waliambiwa wasiseme Kiingereza kizuri mno, watu wasije wakadhani hawajapata kuwa watumwa. Alipoisoma alidhani ni habari ya karne nyingine. Ulimi ulimwasha. Kisha akakumbuka karatasi zake, nani alimwandikia barua, nani alisimama naye mbele ya ofisa.

"Bon," alisema. "Sawa, madame."

Madame Antoinette hakumsumbua hata kuandika ushuhuda. Habari za Kahambu zilikuwa tayari kwenye faili la chama, tangu siku alipoomba hifadhi. Bertin alizifupisha, akazitia kwenye mashine ya kuonyesha ukutani. Kahambu alichotakiwa ni kuzisema kwa Kiswahili.

Hasira ilimpanda akiwa kwenye tramu, na pamoja na hasira likaja wazo, akaliona tamu. Kiswahili. Nani katika wale Wazungu anajua Kiswahili? Ukuta utaonyesha ushuhuda, na yeye atasoma kipande cha pili, chote, mpaka nukta ya mwisho. Wakongomani watakuwepo, maana kwaya ya kanisa lake imealikwa kuimba. Hao watasikia. Watajua kwamba hakuja kuuza machozi. Alilala akitabasamu siku hiyo, akijihesabu shujaa.

Jumamosi ya shughuli ukumbi ulijaa. Kwenye viti vya mbele walikaa wenyeji, wengi wao wazee safi wa Koekelberg waliovaa vizuri. Nyuma walikaa kwaya na waumini wa Schaerbeek, wakiongozwa na Papa Anaclet, mchungaji, mtu mkarimu mwenye suti ya kahawia, ambaye hakupenda kimya kikae kanisani hata sekunde tatu. Rukiya alikuwa ameketi peke yake karibu na mlango.

Kahambu alianza kusoma. Sauti yake ya darasani ilirudi, iliyonyooka, na ukumbi ukatulia.

"Asubuhi hiyo bwana alikuja mlangoni petu," alisoma.

"Amen," likaitika kundi la nyuma.

Kahambu alinyanyua macho. Papa Anaclet alikuwa amefumba yake, akitikisa kichwa kwa furaha. Lilikuwa jambo la mazoea tu: Jumapili baada ya Jumapili, miaka na miaka, mtu akisimama mbele akataja Bwana, unaitika. Mdomo hauulizi. Kahambu aliendelea, akitafuta sentensi zisizo na neno hilo, lakini utawezaje kusimulia utumwa bila bwana?

"Bwana alimchukua mama yangu."

"Amen," wakasema, na safari hii mama mmoja alisema kwa huzuni, kama msibani, maana Bwana akimchukua mama wa mtu ni kifo, na kifo hushukuriwa pia.

Kule mbele Wazungu walisoma ukutani wakaanza kutoa leso. Kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia. Siku hiyo wa mbali ndio walioanza. Waliposikia amen kutoka nyuma wakageuka, wakatabasamu katikati ya machozi, wakaona jinsi imani ya watu hawa ilivyo hai.

Kahambu aligeuza karatasi. Ukutani Bertin alibadilisha picha, na yakatokea maneno ya Kifaransa ya faili lake: nilikimbia kwa miguu, niliacha nyumba, niliacha kaburi la mume wangu. Kahambu aliwatazama watu wa nyuma, watu wake, akasoma kipande cha pili kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Nimewaonyesha mgongo wangu mkalia. Sasa nionyesheni nguo zenu. Bwana anawategemea ninyi."

"Amen."

"Bila ninyi bwana hana nguvu. Ninyi ndio mnaomlisha bwana."

Hapo sauti ya nyuma ilipungua kidogo, mtu mmoja akakunja uso, akamtazama jirani yake. Moyo wa Kahambu uliruka: wamesikia. Lakini Papa Anaclet akainua mkono, akasema kwa sauti ya kutia moyo, "Ndiyo, maman, tumutolee Bwana," na kundi zima likarudi njiani. Amen. Kahambu alisoma mpaka mwisho kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya. Alipomaliza, ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi, mbele kwa ajili ya kaburi la mume wake, nyuma kwa ajili ya Bwana. Mtoro mmoja hakupigiwa kofi hata moja.

Bertin alipanda baada yake akafafanua kwa dakika arobaini.

Wakati wa vinywaji Papa Anaclet alimshika mikono miwili. "Maman Kahambu, ushuhuda wako umetujenga. Vraiment, kweli. Utakuya kuitoa kanisani dimanche, kwa ibada." Kahambu alimshukuru. Angemweleza nini? Kwamba yeye mchungaji alishangilia mjeledi? Mzee wa watu angeugua wiki nzima.

Rukiya alimkuta karibu na makoti.

"Nilisikia," alisema. "Mwenzako nilisikia yote, na sikuitika."

Kahambu nusura alie. "Asante, dada. Basi hata mutu moja."

"Ngoja kwanza. Huyu mutu wa zamani alisemaka na luga gani?"

"Kingereza."

"Na bale Bazungu balikuwa mbele yake, balikuwa banasikia Kingereza?"

Kahambu aligeuza macho kwenye makoti.

"Njo ile," Rukiya alisema, akivaa koti lake. "Yeye aliwaambia mu masikio. Weye umejificha mu Kiswahili, unabatukana na huku banakupigia makofi. Na sisi uliweza kutusemea nini? Ile pamba si sisi tunanunua, ni bale ba mbele." Alifunga vifungo kimoja kimoja. "Sikuchekei. Hata mie ningeogopa."

Akatoka. Maneno hayo yalimwingia Kahambu mpaka kwenye mfupa, kwa sababu yalikuwa kweli, na kwa sababu alikuwa amejiita shujaa. Woga aliuvika nguo ya ujanja akautembeza jukwaani. Alisimama pale kati ya makoti ya watu akiona haya, haya ya mtu mzima, isiyo na mahali pa kujificha. Kisha akarudi ukumbini kwa haraka, kabla ubongo haujaanza tena kumtajia karatasi na barua.

Madame Antoinette alikuwa karibu na meza ya vinywaji, macho mekundu, na alipomwona akafungua mikono. "Mpenzi wangu. Watu wa mji wa Liège walikuwepo, wanakutaka mwezi wa Juni. Vilevile, usibadilishe kitu."

"Madame," Kahambu alisema, kwa Kifaransa, na sauti yake ilikuwa ile ya darasani. "Sikusoma ushuhuda. Nilisoma kipande cha pili, kile mlichokikata. Nimewaonyesha mgongo wangu mkalia. Sasa nionyesheni nguo zenu. Bwana wangu haishi kwa mjeledi, anaishi kwa ninyi mnaonunua. Ninyi, madame. Nawaambia ninyi."

Watu wawili watatu waligeuka. Madame Antoinette aliacha mdomo wazi kidogo, na kwa muda wa pumzi moja Kahambu aliona kitu kikipita usoni mwake, na akasubiri, tayari kwa tusi, tayari kwa mlango.

"Ee Mungu wangu," alisema Madame Antoinette polepole, akaweka mkono kifuani. "Ni maneno mazuri kiasi gani. Na Kifaransa chako, Kahambu, kimekuwa kizuri mno." Alikuwa tayari anapekua mkoba wake akitafuta kalamu. "Hilo la nguo tutaliweka kwenye bango la Liège, kwa herufi kubwa, chini ya picha yako. Lirudie taratibu, niandike."

Kahambu alitazama kalamu ikisubiri juu ya karatasi. Akalirudia.