Mkono wa Kulia wa Vidya

Vumbi kwanza. Vumbi jekundu la barabara ya Morogoro, linaingia Kariakoo kabla ya gari lenyewe, linatua juu ya nyanya, juu ya kanga, juu ya kope za watu. Halafu, ndani ya vumbi, wewe.

Shikamoo, Bibi Vidya. Hunijui. Bibi yangu Clotilda alikuwa anauza ndizi pale sokoni mwaka hamsini na sita, akakuona kwa macho yake. Nimelitafuta jina lako kwenye simu mpaka bando limekata. Halipo. Ndiyo maana nina hasira, na hasira yangu naileta kwako.

Wewe, binti wa Champaklal mwenye gereji mtaani Gerezani. Wewe uliyesikia injini inakohoa mtaa wa pili ukajua inaumwa nini. Uliomba kushindana mbio za magari, wakakupa mbio za akina mama: kuendesha pole pole, glasi ya maji juu ya boneti, isimwagike. Glasi ya maji. Wewe. Mwaka baada ya mwaka uliibeba ile glasi, wakakupigia makofi kwa ncha za vidole.

Mwaka ule ukasema basi.

Ukaingia mbio zenyewe, Morogoro na kurudi, usukani wako, mdogo wako Lalit pembeni na ramani. Nani alifika wa kwanza? Wewe. Nani alishuka mlango wa kulia, mlango wa dereva? Wewe.

Mzee wa mashindano akakohoa. "Dereva ni huyu kijana," akasema, anampa Lalit kikombe. "Dada yake alikuwa abiria."

Mchana kweupe. Mbele ya watu wenye macho.

Kitwana, fundi wenu, akasogea na ovaroli lake la grisi. "Bwana mkubwa, tuangalie mikono basi. Dereva kiwiko chake cha kulia kiko dirishani. Abiria, cha kushoto. Vumbi halina upendeleo."

Wakaangalia. Mkono wako wa kulia mwekundu mpaka begani, wa kushoto msafi. Wa Lalit, kinyume chake.

"Mimi nilikuwa natapika tu, bwana," Lalit akasema. "Toka Chalinze. Mpeni dada."

Watu wakacheka, wakadhani yameisha. Mzee akakichukua kikombe, akakifungia kwenye sanduku.

"Basi mwaka huu hakuna mshindi."

Hakuna mshindi. Yaani bora kikombe kikae gizani, kiote kutu, kuliko kushikwa na wewe.

Bibi yangu akakuletea maji kwenye beseni. "Nawa, dada."

"Bado, Clotilda. Acha wanione kwanza."

Ukarudi kwenye usukani. Ukaizunguka Kariakoo mtaa kwa mtaa, bila haraka, mkono wa kulia nje ya dirisha, umenyooka. Wauza nyanya wakaacha kupima. Wapagazi wakatua mizigo. Na vumbi lile, limekauka kwenye ngozi yako, soko zima likalisoma.