Komeo Lake Peke Yake

Wakili alifunga faili, akamwambia fundi wa mageti kwamba wameshinda. Mahakama imeitambua hataza ya ubunifu wake: kuanzia sasa mwenye haki ya kutengeneza lile komeo la kujifunga lenyewe ni yeye peke yake.

"Peke yangu," fundi akarudia, akiionja kauli ile kama sukari.

Aliyeshindwa ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, fundi mwenzake ambaye walikuwa wakiazimana nyundo na kutaniana kutwa nzima. Wakili alishauri mapema jirani apewe leseni, kila mtu ale riziki yake. Jirani mwenyewe alikuja kuomba. "Kaka, niandikie ruhusa, yaishe." Lakini fundi yule akishakunja uso, hakunjui. Alimjibu kwamba aliyeumiza kichwa ni mmoja, basi na wakaonane mbele ya hakimu.

Aliporudi karakana, ng'ambo ya ukuta kulikuwa kimya. Jirani alikuwa amehama na vyombo vyake vyote.

Akashika kazi. Akafunga komeo jipya kwenye geti, akaingia ndani, akalirudishia. Likalia ta, safi kabisa. Kilichobaki ni kulijaribu, na siku zote walilijaribu wawili: yeye ndani akisikiliza, jirani nje akisukuma.

"Haya, sukuma," akasema kwa mazoea.

Maneno yakamrudia mwenyewe. Akabaki palepale, sikio kwenye chuma, kama mtu anayengoja kuitikiwa.