Chini ya Boneti ya Lukelo

Lukelo alilifuta Benzi lake jeusi kwa kitambaa cheupe kabla hata hajasalimu watu. Alifuta taa, akafuta boneti, akafuta kile kinyota cha mbele kama mtu anayempangusa mwanawe kamasi, ndipo akageuka.

"Fundi, njoo uone gari. Si makopo uliyoyazoea."

Alfonsi aliendelea kutafuna muhogo wake wa kuchoma. Watu wa namna ya Lukelo aliwadharau tangu zamani. Hununua gari kwa macho. Wanajua viti ni vya ngozi, wanajua redio ina spika ngapi, lakini ukiwauliza oili ilibadilishwa lini wanakutazama kama umewauliza siku yao ya kufa.

Aliyemfanya aache muhogo ni Bibiana. Mume wake alifariki akamwachia watoto wanne na lori moja, Bedford kuukuu lenye bodi ya mbao, na kwa miaka mitatu lori hilo ndilo lililowalisha, likibeba mpunga kutoka Mngeta na kupeleka mchele Kidatu. Sasa Lukelo, mwenye mashamba ya miwa huko Kidatu, aliyekuwa rafiki wa marehemu, alitaka wabadilishane. Yeye achukue lori, Bibiana achukue Benzi. Alimwambia maharusi wa Ifakara nzima watapigania kulikodi, na hatapata tena usumbufu wa madereva wanaouza dizeli njiani. Balozi wa nyumba kumi alikuwa anawasubiri mchana uleule. Karatasi ikitiwa sahihi, lori limekwenda.

Bibiana alikuwa amekubali nusu. Nusu iliyobaki ndiyo aliyoileta gereji.

"Kaka Alfonsi, mimi sijui vyuma," alisema. "Fungua utazame. Ukisema ni zima, nakwenda kutia sahihi. Ukisema ni bovu, naondoka na lori langu."

Alimwendea Alfonsi kwa sababu ya mdomo wa fundi mwenyewe. Hakuna mtu Ifakara ambaye hakujua kwamba mwaka 1991, miaka mitano nyuma, Alfonsi aliitwa Kidatu kutibu Benzi jeupe lililokuwa likichemka, akalipoza kwa asubuhi moja. Hadithi hiyo aliisimulia kilabuni, akaisimulia misibani, na kila alipoisimulia idadi ya mafundi walioshindwa kabla yake iliongezeka. Sasa walikuwa wamefika saba.

Basi akafungua boneti. Ilipanda yenyewe polepole mpaka ikasimama wima kama mlango. Watu waliokuwa wamekuja kuziba pancha na kujaza upepo wakasogea. Alfonsi akainama.

Hata chini ya uchafu, kazi ilionekana. Waya hazikutupwa ovyo kama matumbo ya kuku. Zilifungwa kwa utepe wa kitambaa cheusi, zikapitishwa pembeni, kila baada ya kiganja kimoja kuna klipu ya kuzishika. Vichwa vya bolti vilikuwa na tone la rangi ya njano, ishara kwamba mtu alikaza, na mwingine akaja kuhakikisha kwamba yule wa kwanza amekaza. Aliinua betri. Chini yake, mahali ambapo hata panya hana shughuli, palipakwa rangi laini, bila tone wala mchirizi. Mtu fulani huko Ujerumani alikuwa amepaka pale akijua hakuna atakayemsifu.

"Unaona nini?" Lukelo aliuliza.

"Naona watu waliofanya kazi," Alfonsi alisema. "Wewe umewahi kufungua hapa?"

"Mimi nifungue ili iweje? Gari linakwenda."

"Hata mbwa mwenye kichaa anakwenda."

Watu wakacheka. Jeremia, mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa anasubiri baiskeli yake, alisema kwao ng'ombe hanunuliwi kwa kupakwa mafuta pembeni, anafunguliwa mdomo. Bibiana hakucheka. Alikuwa ameshika kadi ya lori, ameifunga kwenye pindo la khanga.

Alfonsi alipopata wasikilizaji, akanogewa. Alianza kuwaonyesha mkono wa mafundi wa nyumbani ulivyopita katikati ya kazi ile ya watu. Waya za feni zilikatwa, zikaungwa moja kwa moja kwenye betri, kiungo kimeviringishwa mfuko wa plastiki wa rambo. Mpira wa maji ulikazwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Kava la chini, la kuzuia tope na majani yasipande kwenye injini, halikuwepo kabisa. Alisema aliyefanya hivi hakustahili kushika spana, alistahili kufunga mizigo ya kuni, na hata huko kuni zingemwagika. Alisema mtu kama huyo ukimpa saa ya mkononi aitengeneze, atakurudishia mishale na kukwambia vingine vilikuwa vimezidi. Watu wakapiga makofi.

Kisha akachukua tambara, akafuta tope kwenye kifuniko kidogo cha chuma pale mpira wa maji unapoingia kwenye injini. Juu ya bolti mbili akaona nukta tatu tatu, zimegongwa kwa msumari.

Tambara likasimama mkononi mwake.

Nukta tatu ilikuwa alama yake. Kila bolti aliyoikaza yeye aliigonga hivyo, ili mteja asije akaleta ubovu wa fundi mwingine na kumsingizia. Bonde zima hakuna aliyekuwa na alama ile. Akatazama kwenye bawaba ya boneti. Rangi nyeusi ilikuwa imebanduka, na chini yake ni nyeupe.

Hakuhitaji kufungua kifuniko kile. Alijua ndani hamna thamostati, kile kidude kinachofunga njia ya maji mpaka injini ipate joto lake. Aliing'oa yeye mwenyewe Kidatu, akasema ni ya nchi za baridi, haina kazi kwetu. Kava akalitupa ili upepo upite. Gari likapoa, akashangiliwa. Mwanzoni mwa mwaka huu ndipo alipojifunza, kwa kuua trekta la mkulima mmoja wa Mngeta, kwamba injini isiyopata joto lake inakunywa mafuta bure, oili inaganda na vyuma vinalika. Alijifunza, akanyamaza.

Akafungua kifuniko cha oili. Ndani palikuwa na uji mzito mweusi.

Lukelo alikuwa ameinama karibu naye, anatabasamu, kitambaa cheupe begani. Akasema kwa sauti ya chini, "Nililinunua kwa yule bwana wa Kidatu. Jina lako aliniambia. Sema ni zima, fundi, shemeji atie sahihi, tule pamoja. Ukisema ni bovu, nitawauliza hawa nukta tatu ni alama ya nani."

Kumbe alijua. Alijua injini imekufa, alimjua aliyeiua, na ndiyo maana alikubali haraka gari liletwe hapa na si kwingine. Alfonsi alimtazama yule mtu na viatu vyake vilivyopakwa kiwi. Alitafuta dharau yake ya siku zote. Ilikuwepo, lakini safari hii haikumwangukia Lukelo peke yake, ilimrudia na yeye.

Akasimama wima.

"Dada Bibiana, usitie sahihi. Hili gari ni bovu, injini imelika ndani. Waliolitengeneza hawana kosa. Aliyeliua ni mimi, hili ndilo Benzi la Kidatu. Niling'oa thamostati, kidude cha kuipa injini joto lake, na tangu mwanzo wa mwaka huu najua lilikuwa kosa. Mzigo wa kuni nilioutaja ni wangu."

Hakuna aliyecheka. Lukelo akasema wote wamesikia, fundi wao ni mwongo wa miaka mitano, akashusha boneti. Hata ikifungwa kwa hasira ilifunga kwa sauti ndogo. Akaondoka, na moshi wa bluu ukamfuata mpaka barabarani.

Alfonsi alidhani Bibiana angemshukuru. Mama yule alikuwa anatazama lori lake.

"Na langu?" aliuliza. "Umekitoa hicho kidude?"

"Nilikitoa mwaka juzi."

"Na ukajua ni kosa tangu mwanzo wa mwaka. Kila mwezi nakuletea lori hapa, unanisalimia, unanyamaza."

Alfonsi alitupa tambara. Aliingia ndani akatoka na mkebe wa maziwa ya unga, akaumimina juu ya gunia. Thamostati za malori na matrekta ya bonde zima zikatawanyika, nyingine zimeshika kutu. Jeremia alisahau baiskeli yake akaanza kuzihesabu kwa kidole.

"Tafuta yangu," Bibiana alisema.

Alfonsi akapiga magoti akachambua mpaka akapata mbili zinazofanana na ya Bedford. Nzima hufunguka kwenye maji ya moto, mbovu hukaa kama jiwe. Akawasha jiko la mkaa, akabandika sufuria, akazitumbukiza. Bibiana akasogeza kopo la rangi, akaketi, akakaza macho kwenye maji.

"Usinieleze kitu," alimwambia. "Nitaona mwenyewe."