Kidole Gumba cha Dobi

Nilijiandaa kukutana na mtu yeyote isipokuwa yeye. Njia nzima kutoka ofisi ya hakimiliki nilikuwa nampa afisa maneno nitakayomtolea huyo mwizi, moja baada ya jingine, na afisa, mtu mpole mwenye faili kwapani, aliniomba mara mbili nipunguze sauti. Picha yangu ya dobi, mwanamke anayepiga pasi karibu na dirisha, ilinichukua miezi minane. Sasa nakala zake zilikuwa zikiuzwa madukani kama njugu, bila hata jina langu kwa nyuma. Muuza fremu mmoja, alipoona kitambulisho cha afisa, alitoa siri upesi: kuna mzee huzileta, amehamia karibuni ghorofa ya pili, mlango wa kijani.

Nikaugonga mlango kwa ngumi. Ukafunguliwa na Mwalimu wangu.

Nilishinda kwake miaka sita, tangu nikiwa sijui hata kushika brashi. Jina la Pilipili ndiye aliyenipa, wiki ile ya kwanza nilipomrushia mwenzangu kopo la rangi. Na miaka minne sikuwa nimekwenda kumsalimu, kila mara nikijiambia kesho.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema. Hasira zote zile, na mdomo ukafuata adabu.

"Marahaba, Pilipili. Karibuni."

Ndani kulikuwa na madobi kumi na mmoja wameegemezwa ukutani, wawili bado wabichi. Dirisha langu lilikuwepo, mvuke wangu ulikuwepo, hata kile kiraka cha bega nilichokirudia mara tano kilikuwepo. Hasira ikanirudi, na niliipokea kwa furaha, kwa sababu bila hiyo ningelia.

Afisa alikaa kwenye kigoda, akaeleza mambo taratibu. Nikitia sahihi kwenye malalamiko, picha zitachukuliwa, karakana itafungwa, na Mwalimu atapelekwa mahakamani akiwa na umri ule. Nisipotia, kila atakayeinakili picha ile baadaye atasema mwenyewe niliridhia. Kisha akanisomea kiapo: kwamba kazi hii ni yangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna sehemu niliyoichukua kwenye kazi ya mtu mwingine. Akakumbusha kwamba kuapa uongo nako ni kosa. Mwalimu alikuwa kando anafuta brashi kwa kitambaa, hakujitetea kwa lolote.

Nikaishika kalamu, nikainua macho, nikauona ukuta nyuma ya afisa.

Kwa Mwalimu, mwaka wa kwanza ni mikono tu. Hugusi uso, hugusi mti, unanakili karatasi zake za mikono mpaka uweze kuichora umefumba macho. Karatasi ya saba ni mkono ulioshika kishikio cha ndoo, umeangaliwa kwa juu. Niliinakili labda mara mia mbili. Ilikuwa imebandikwa pale, imegeuka rangi ya chai, na nikaona kwamba dobi wangu ameishika pasi kwa mkono ule ule. Kifundo kile, mishipa ile. Sikuwahi kufikiri kwamba nanakili. Kwetu sisi tuliopita kwake, mkono ulikuwa unachorwa hivyo na basi.

Nikamtazama Mwalimu, naye alikuwa ananitazama, na nikajua kwamba alilijua hilo siku nyingi. Neno lake moja tu lingenigeuza mimi kuwa mshtakiwa. Hakulisema.

Sitajifanya malaika. Nilitaka kutia sahihi. Nilikaa na kalamu mkononi mpaka afisa akakohoa.

"Afisa," nikasema, "mkono si wangu. Ni ule pale ukutani."

Afisa akasimama, akalinganisha karatasi na picha, akarudi, akalinganisha tena. Akasema kama ndivyo, basi mambo yamebadilika: kila mmoja ana kitu cha mwenzake, na malalamiko hayawezi kusimama. Akaanza kufunga faili. Moyo ukanitulia. Kwa kweli nilisubiri kushukuriwa.

Mwalimu akaweka brashi chini.

"Bwana afisa, tazama vizuri," alisema. "Wangu umeshika ndoo. Kidole gumba kimelala tu. Cha kwake kimeinuka, kinakwepa moto. Hicho sikumfundisha, kwa sababu sikukijua."

"Mwalimu, nyamaza," nikasema.

"Nimeinakili picha hii nikikitafuta kidole hicho, na sijakipata. Lakini nakala nimeziuza, na nilijua ni kazi ya nani. Andika hivyo."

Afisa akasema ikiwa mwenye karatasi mwenyewe anaukana mkono ule, basi malalamiko yanasimama, akamwonya kwamba anajitia kitanzi mwenyewe. Mwalimu akajibu kwamba amesikia. Nikairudisha kalamu mezani, nikasema sitii sahihi chochote, twendeni zetu. Hapo Mwalimu akanigeukia kwa sauti ile ile iliyokuwa ikitutoa mbio darasani.

"Ukisema mkono ule ni wangu, basi miaka sita nilikuwa nafundisha kivuli changu. Chukua kalamu."

Nikaichukua. Nilitia sahihi mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika, machozi yakidondokea fomu, na afisa akaifuta kwa mkono wa shati. Kisha akazibeba picha kwenda chini, mbili mbili, mwenyewe. Alikataa tumsaidie. Aliporudia ya mwisho alimpa Mwalimu karatasi yenye tarehe ya mahakama, akatuaga kwa heshima.

Tukabaki wawili na karatasi ile ukutani. Mwalimu alivuta kigoda mpaka dirishani penye mwanga.

"Kidole kile ulikitoa wapi?"

"Kwa mama. Aliwafulia watu miaka ishirini. Pasi ilimuunguza mara moja, tangu siku hiyo akawa anakiinua hivyo, hata akishika kikombe."

"Nionyeshe."

Nikaunyoosha mkono, nikashika pasi ambayo haikuwepo. Mwalimu akachukua penseli, akasogeza uso karibu sana, karibu kuliko nilivyokumbuka.

"Tulia, mwanangu," akasema. "Unatetemeka, na mimi ndiyo kwanza naanza."