Kituo Hakikufungwa Hata Siku Moja

Tangu asubuhi Atupele alikuwa akibeba maji kichwani, kutoka kisima cha msikitini mpaka kituo cha zimamoto, kumwagilia nyasi. Si mpunga, si mchicha. Nyasi. Zililetwa na lori kutoka Mbeya zikiwa zimekunjwa kama mikeka, zikatandazwa mbele ya kituo ili mgeni rasmi akija kuzindua ukarabati akanyage kijani. Sasa zilikuwa zinanyauka.

Mabomba ya kijiji cha Itenganya yote yalikuwa makavu. Mtambo wa mkandarasi ulikata bomba kuu ulipokuwa ukichimba msingi wa ukuta, wakaahidi kuliunga, kisha wakaupaka ukuta rangi. Getini walisimamisha bango: kituo kinakarabatiwa huku kikiendelea kutoa huduma, na jamii inayokizunguka inanufaika. Hiyo jamii ilikuwa Atupele na wenzake wachache waliochukuliwa vibarua, baada ya mwenyekiti wa kitongoji kupewa chake.

Alfajiri alikuwa amemgeuza mama yake ubavu, akamnywesha uji, akamfuta kidevu. Mama huyo, Tusekile, alikuwa amepigwa na kiharusi, upande mmoja umekufa. Atupele alipotoka alifunga mlango kwa nje kwa kamba, maana siku moja alimkuta mama amejiburuta hadi barabarani, bodaboda zinamkwepa na kumtukana.

"Usichelewe," mama alisema.

Kila adhuhuri alikimbilia nyumbani kumgeuza, asije akaoza ubavu. Leo adhuhuri ilishapita, na Eliud, msimamizi wa saiti, hakutaka hata kusikia.

"Bosi, nikamgeuze mama tu, narudi sasa hivi."

"Nyasi zikifa, mgeni rasmi nimwonyeshe mama yako?"

Shingo ilikuwa inamuuma mpaka masikioni. Aliweka ndoo chini, akalitazama gari jekundu lililosimama kwenye banda jipya, tumbo limejaa maji yaliyovutwa mtoni. Dereva wake, Godwin, alikuwa kijana wa Ipyana, mtu wa nyumbani.

"Ugonile, kaka," alimsalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, dada. Mbona umechoka hivyo?"

"Nigawie maji ya gari. Kidogo tu, nimalize hizi nyasi, nikamwone mama."

Godwin alicheka. "Haya si ya bustani, dada yangu."

Lakini Eliud alikuwa nyuma yao, na sikio lake lilikuwa jepesi kwa mambo ya kumfaa.

"Gari limejaa?"

"Limejaa, bosi."

"Toa mpira."

"Na likiitwa?"

"Mara ya mwisho liliitwa lini?"

"Bosi, hatukai hapa kwa sababu ya jana. Tunakaa kwa sababu ya..."

"Jioni utajaza mtoni. Au nimpigie mkubwa wako, nimwambie dereva wake anakwamisha uzinduzi?"

Mkubwa wake alikuwa mjini anahangaikia mahema na viti. Godwin aliitazama simu mkononi mwa Eliud, akashuka, akaunga mpira.

Atupele alifurahi. Liandikwe hivyo hivyo, alifurahi sana. Maji yalitoka kwa kishindo, baridi, bila uzito wowote kichwani mwake, yakamrukia hadi pindo la kanga. Alimwagilia nyasi, akadhani amemaliza.

"Na maua," alisema Eliud. "Na ukuta, uoshe. Ngazi pia."

Akaosha. Mpaka mpira ukaanza kukohoa.

Nyuma ya kwao palikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na nyuma ya mashine kilima cha pumba ambacho mwaka mzima hufuka moshi kichinichini. Watu walishauzoea. Mchana ule upepo wa ziwani ulivuma kwa nguvu, ukachukua cheche na kuzitupa kwenye paa lao la nyasi, na walioona moshi walisema ni ule ule wa pumba.

Simu ya kituo ililia wakati Atupele anakunja mpira. Godwin aliipokea akiwa amesimama.

"Nyumba ya mbele ya mashine ya mpunga," alisema, akamtazama Atupele.

Atupele alipanda garini na hakuna aliyemkataza.

"Kuna masalia ya maji," Godwin alikuwa akisema njia nzima, king'ora kikilia juu ya maneno yake. "Hayakosi masalia. Hayakosi."

Watu walishangilia walipoliona. Waliacha njia, wakapiga vigelegele, wakawavuta watoto pembeni. Mpira ulinyooshwa, ukavimba, ukatema maji machafu yaliyotosha kulowesha kizingiti, kisha ukalala chini.

"Fungueni maji!"

"Hakuna maji."

"Zimamoto gani nyie hamna maji?"

Jiwe la kwanza lilivunja taa. Vijana waliokuwa wakichota tope majarubani na kulitupa kwenye kuta za mianzi waliligeuzia gari. Atupele alikimbilia mlango, na mwanamume mmoja akamkamata kiunoni, akamning'iniza anapiga mateke. Ndani mama yake alikuwa akimwita kwa jina. Alimwita tena. Maji ya pindo la kanga yalikuwa yakimchuruzika miguuni, na yeye peke yake katika umati ule, yeye na Godwin, ndio waliojua mengine yako wapi.

Kamba iliungua, mlango ukafunguka wenyewe. Wakati huo hakuna tena aliyeita.

Uzinduzi haukuahirishwa. Siku iliyofuata mgeni rasmi alisifu kwamba kituo hakikufungwa hata siku moja, na kwamba hata jana gari lilifika eneo la tukio haraka sana. Watu wa meza kuu walipiga makofi. Eliud alikuwa ameshaeleza kuwa kibarua mmoja aliomba maji, dereva akampa. Uongo huo ulikuwa na ukweli wa kutosha, kwa hiyo Godwin alisimamishwa kazi na Atupele akaambiwa asirudi saiti. Habari hizo alizipata akiwa msibani, ameketi kwenye mkeka, wanawake wa kanisani wakimenya ndizi.

Ndipo pikapu ya mkandarasi ikaingia uani na saruji na vigae vyekundu vilivyobaki. Alishuka Jubilate, afisa wa kampuni wa mahusiano na jamii, viatu vyake akiviepusha na tope.

"Kampuni imeguswa sana," alisema. "Tutamjengea bibi kaburi. Vigae vya daraja la kwanza."

Mjomba Andongwisye alivua kofia. Kaburi la kujengewa huko ni heshima, na ukoo ungehangaika miaka kabla ya kulipata. "Ndaga fijo," alishukuru. "Ndaga fijo, mwanangu."

"Bomba mmeliunga?" Atupele aliuliza.

Wamenya ndizi waliacha kumenya.

"Hilo ni la awamu ya pili, mama," Jubilate alijibu kwa sauti ya msibani. "Leo tumekuja na rambirambi." Akamwita mpiga picha, akatandaza kitambaa chenye jina la kampuni mbele ya pikapu. "Naomba mfiwa ashike kigae. Asimame hapa katikati, jina lisizibwe."

Atupele hakuinuka. Mjomba alimshika kiwiko.

"Shika, mwanangu. Wasije wakatufanyia kitu kibaya zaidi."

Akasimama. Akapewa kigae, akakishika kifuani kwa mikono miwili. Mpiga picha alipiga, akakitazama kioo cha kamera, akatikisa kichwa.

"Turudie," alisema Jubilate. "Mfiwa amefumba macho."