Herufi Zilizokataa Kutulia

Nyumbani walimwita Kipimo tangu utotoni, kwa sababu hakuweza kula ikiwa picha ya ukutani imepinda hata kidogo. Alikuwa akiinuka na kijiko mkononi kwenda kuinyoosha. Mama yake mdogo, aliyemlea, alikuwa akisema mtoto huyu ama atakuwa fundi ama atakuwa kero. Akawa vyote viwili: mhariri wa video katika studio ya ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri, mwenye kuwachosha wenzake kwa makosa ambayo hakuna mwingine anayeyaona.

Kazi iliyomtia matatani ilikuwa tangazo la dakika moja. Mkandarasi mmoja alikuwa akijenga nyumba za ghorofa juu ya mteremko, na chini yake alishajenga ukuta mrefu wa mawe wa kuzuia udongo. Kila Jumatatu, kwa wiki kumi na moja, mpiga picha wa studio, waliyempachika jina la Rubani ingawa hajawahi kupanda ndege, alirusha droni kwa njia ileile: kutoka getini, mbele ya ukuta, hadi juu kwenye nyumba. Kipimo alitakiwa aziunganishe safari hizo ziwe moja, nyumba zikue huku kamera ikisonga, na ukutani abandike maneno MAKAZI BORA kwa herufi nene zenye vivuli vyake, kama zilizokazwa kwa bolti kwenye mawe. Kamera iende, jua lihame, wiki zipite, herufi zisisogee.

Kazi hiyo huanza na alama. Unachagua vitu visivyohama, kona ya jiwe, doa la kutu, tundu la kutolea maji, na kompyuta inavifuata picha kwa picha mpaka ijue kamera ilikuwa wapi. Ikishajua, herufi unaiweka mahali na inakaa. Alama moja ikidanganya, herufi zinaogelea, na mtazamaji, hata asiyejua lolote, anahisi kuna kitu hakiko sawa.

Wiki sita za kwanza herufi zilikaa tuli. Ya saba, mvua zilipoanza, Z na I za katikati zikaogelea. Kipimo akafuta alama mbovu, akaweka nyingine. Zikaogelea tena. Asubuhi nzima ya Jumatano alihangaika nazo, chai ikapoa pembeni. Mwishoni akafanya jambo la kawaida kabisa: akachukua picha ya wiki ya kwanza, akailaza juu ya ile ya wiki ya kumi na moja.

Ncha mbili za ukuta zililingana jiwe kwa jiwe. Katikati picha hazikulingana. Katikati ukuta ulikuwa umetoa tumbo.

Alirudi nyuma kwenye kiti. Chini ya tumbo lile kulikuwa na safu ya karakana tano za mabati, na ya tatu, yenye bati la buluu, ilikuwa ya mama yake mdogo, mshonaji wa sare za shule.

Alimwita Bosi, mwenye studio, mtu mpole aliyezoea kukubaliana na kila mteja. Bosi akainama mbele ya kioo cha kompyuta. "Kamera iliyumba," akasema.

"Ingeyumba kamera, ukuta wote ungeyumba, Bosi. Huu umesogea katikati tu."

Bosi akakuna kidevu, akampigia simu mkandarasi. Hawakutegemea aje mwenyewe, lakini nusu saa haikupita akawa mlangoni, shati limepigwa pasi, sauti ya chini. Alitazama zile picha mbili kwa muda mrefu. Hakukataa, hakushangaa, na hilo ndilo lililomtisha Kipimo.

"Nani mwingine ameona hii?" akauliza.

"Sisi tu," Bosi akajibu haraka.

"Vizuri. Wahandisi wangu wanaushughulikia. Nyinyi kazi yenu ni herufi." Akamgeukia Kipimo, akatabasamu. "Naambiwa hakuna mwenye mkono kama wako, binti. Zitulize."

"Mzee, chini pale kuna watu."

"Najua. Mimi ndiye niliyewaruhusu wakae." Akaondoka akiwa amemshika begani kama ndugu Rubani, aliyekuwa akisikiliza mlangoni.

Alhamisi Kipimo akazituliza. Njia ilikuwepo: badala ya kuzifunga herufi kwa kamera, alizifunga moja moja kwenye mawe ya nyuma yake, ukuta ukivimba, herufi ivimbe nao. Ikatoka kazi safi. Hata yeye alipoitazama hakuona mshono, na kwa dakika moja, Mungu amsamehe, alijisikia fahari. Saa kumi alasiri kijana wa mkandarasi akaja na barua, akachukua diski zote zenye picha halisi. Rubani alikuwa ameshafuta zake.

Ijumaa Kipimo alikwenda mwenyewe kutazama. Alisimama mbele ya ukuta na macho yake yale yale yasiyokosea, na hakuona kitu. Ulikuwa ukuta tu, wa mawe, mkubwa, uliolowa. Shibiri moja katika mwendo wa wiki tano hakuna jicho linaloishika.

Mama mdogo alikuwa akihangaika na mlango wa karakana, anausukuma kwa nyonga.

"Umeanza lini kukwama?" Kipimo akauliza.

"Wiki ya pili sasa. Sakafu imejiinua, sijui ni mizizi. Lakini mwanangu, angalau maji yameacha kututiririkia." Akaonyesha matundu ya ukutani. "Mvua yote hii, na hayatoi hata tone."

Kipimo akatazama matundu makavu, kisha udongo mweusi uliolowa maji kule juu: maji yote yalikuwa yamenaswa nyuma ya ukuta. Akamweleza yote, pamoja na yale ya Alhamisi. Mama mdogo alisikiliza huku amekunja sare ya mtoto mapajani.

"Kwa hiyo umeona ukuta unakuja, ukaupaka poda," akasema.

"Ndiyo, mama."

Majirani walisikiliza pia, kila mmoja kwa namna yake. Fundi wa kuchomelea alitaka karatasi ya mhandisi. Seremala, mcheshi wa safu nzima, alicheka. "Ukuta huu nauegemea kila siku nikinywa chai. Ungekuwa na nia mbaya ungeshaniambia."

Jumatatu Kipimo aliomba ruhusa akaenda ofisi ya ukaguzi wa majengo. Karani alimsikiliza vizuri, akamwomba ushahidi. Kipimo hakuwa na kingine ila tangazo lenyewe kwenye simu. Karani akalitazama mara tatu, akisogeza miwani.

"Dada, hapa naona ukuta umesimama wima, na maandishi yametulia. Niandike nini?"

"Herufi nimezifunga mimi kwenye mawe. Zinakwenda pamoja na ukuta, ndiyo maana unaona vyote vimetulia."

"Kwa hiyo video hii ni ya uongo."

"Ndiyo."

"Na unataka niamini sehemu ipi?" Hakuuliza kwa ubaya. Aliandika jina la mtaa kwenye daftari, akasema mkaguzi atapita akipata gari.

Jioni hiyo Bosi alimwambia Kipimo asije tena mpaka aitwe. Mkandarasi alikuwa ameshapata habari.

Jumanne na Jumatano Kipimo alibeba cherehani kwa mikono yake, moja baada ya nyingine, hadi sebuleni kwao. Mama mdogo alibeba vitambaa. Fundi wa kuchomelea alipomwona mama yule anahama, yeye ambaye hajawahi kufunga duka hata siku ya homa, akafungasha naye, na karakana mbili za pembeni zikamfuata. Seremala akabaki. Alikuwa na vitanda vya bweni vya kumaliza, na mahali pa kuviweka hana.

Ukuta ulianguka Ijumaa, saa nne asubuhi, siku ambayo mvua haikunyesha kabisa. Waliokuwa barabarani walisema haukutoa mlio wa kuwaonya. Ulikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, kisha udongo wote wa nyuma ukashuka juu yake. Seremala walimtoa saa tisa, hana uhai.

Mkandarasi alisema ni mvua isiyo ya kawaida, na kwamba hakuna aliyewahi kuona dalili yoyote. Wiki iliyofuata mkaguzi wa serikali akaja studio, akauliza kama kuna picha halisi iliyobaki. Bosi akasema hakuna. Kipimo, aliyeitwa kwa ajili hiyo, akafungua kompyuta yake kuonyesha jinsi alivyofanya, na katikati ya maelezo akafungua orodha ya namba iliyokuwa nyuma ya herufi.

Ili herufi zifuate mawe, kompyuta ilibidi iandike kila wiki mawe yamekwenda wapi. Yote yalikuwemo, safu kwa safu: wiki ya saba vidole viwili, ya tisa nusu shibiri, ya kumi na moja shibiri nzima. Mkandarasi alichukua picha. Hakujua kwamba mwendo wa ukuta umebaki ndani ya herufi. Kipimo naye hakuwa amewaza hilo. Aliposimama mbele ya karani, ushahidi ulikuwa umelala mezani kwake.

"Hizi zinatosha," mkaguzi akasema, akinakili. "Kwa hizi atajibu."

Kipimo alitoka kwenda kuvuta hewa. Kwenye benchi la korido alikaa mjane wa seremala, ambaye mkaguzi alimwita naye hapohapo studio atoe maelezo baada ya Kipimo, kanga imemzunguka mabega. Alikuwa amesikia kupitia mlango uliokuwa wazi. Akamsogezea Kipimo nafasi, naye akakaa.

"Uliujua kwa siku ngapi?" mjane akauliza.

"Siku tisa."

Mjane akatikisa kichwa polepole, kama anayezihesabu, na wote wawili wakabaki pale wakisubiri aitwe.